Mteremko Ulioonekana kutoka Majini: Uchambuzi wa Kisa cha Majirani Wawili wa Igogo

Kisa hiki kinahusu nyumba mbili zilizojengwa kwenye mteremko wa Igogo, jijini Mwanza, moja juu ya nyingine, na maji ya mvua ambayo kwa miaka minne mfululizo, masika na vuli, yalikuwa yakiingia katika ua wa nyumba ya chini. Wahusika wote wawili wapo hai na bado wanachota maji kwenye bomba moja, kwa hiyo majina yao nitayaacha. Mwenye nyumba ya chini nitamwita Mama Chini, na jirani yake Mzee Juu. Ni vyema niseme mapema kwamba Mama Chini ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, na kwamba niliitwa katika shauri hili kwa sababu nilifundisha jiografia sekondari hadi nikastaafu, ingawa nadhani sababu ya kweli ni kwamba mwenyekiti wa mtaa alikuwa amechoka kusikiliza.

Mama Chini alidai kwamba Mzee Juu, alipojenga ukuta wa ua wake, aliacha tundu chini ya ukuta ili maji yake yamwagikie kwa jirani. Ushahidi wake ulikuwa mmoja na ulikuwa mzito: mvua inaponyesha, akisimama mlangoni pake na kuinua macho, anayaona maji yakitoka kwenye tundu hilo. Mzee Juu naye alidai kwamba nyumba ya Mama Chini haina gata hata moja, na kwamba maji yanayomsumbua ni ya bati lake mwenyewe. Naye alikuwa na ushahidi wa macho, kwa kuwa akisimama barazani kwake na kutazama chini anaona bati likitiririsha maji pande zote, na kando ya bati hilo hilo ua uliojaa maji. Niliketi barazani, kisha nikasimama mlangoni, na mvua ya Novemba ikanifanyia hisani ya kunyesha siku niliyokuwepo. Kila mmoja alikuwa akisema kweli kuhusu alichokiona. Jambo hilo lilinisumbua kuliko ambavyo uongo ungenisumbua, kwa maana uongo wa upande mmoja ungemaliza shauri palepale.

Asiyeifahamu Igogo anapaswa kuelezwa kidogo namna watu wanavyoishi pale. Mlima wenyewe ni mawe ya granaiti, mengine makubwa kuliko nyumba, na nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe hayo mahali popote ambapo fundi alipata nafasi ya kuweka msingi. Gari halifiki. Tofali, saruji, kitanda, jeneza, vyote hupanda na kushuka kwa vichwa na mabega vya watu kupitia vichochoro na ngazi. Kwa sababu hiyo mkazi wa pale anaijua njia ya kwenda kwake kwa miguu yake, jiwe kwa jiwe na kona kwa kona, kiasi kwamba umeme ukikatika hahitaji hata tochi. Mama Chini ameishi humo kwa zaidi ya miaka 30, na mtu akimwambia kwamba kuna kitu asichokijua kuhusu mteremko ule, atakuwa amemvunjia heshima.

Safari ya majini haikupangwa kwa ajili ya shauri. Mpwa wake ni mvuvi wa dagaa, na wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, hivyo mwezi unapokuwa mpevu hupumzika kwa kuwa mwanga wa taa hauwezi kushindana na mwanga wa mwezi. Katika mapumziko kama hayo alitualika kupanda boti yake ya mbao, aliyokuwa ameifunga injini mpya, ili shangazi yake aibariki. Tuliondoka mwaloni saa mbili asubuhi, tukapita kwa shida katikati ya magugu maji, na tulipofika kama mita 400 kutoka ufukweni mpwa akazima injini na kusema kwa utani, “Haya shangazi, tuonyeshe kwako.”

Mama Chini alinyoosha kidole bila kusita, kisha akakishusha, akanyoosha tena kwingine. Alikuwa akiutafuta mlango wake wa bluu. Mlango ule hauonekani kutoka ziwani, kwa sababu unatazama kichochoro, na upande wa nyumba unaotazama ziwa ni ukuta wa choo na jiko ambao yeye mwenyewe hana sababu ya kuutazama kwa mbali. Aliutafuta mwembe wake, akakuta miembe minne. Alitafuta jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, ambalo kwake ni mlima mzima, na kutoka majini likawa kijiwe kimoja katika rundo. Ikapita karibu robo saa. Mwishowe alimpigia simu mjukuu wake akamwambia apande juu ya tangi la maji na kupunga kanga nyekundu, na kanga ilipoonekana ilikuwa mbali mno kushoto kwa pale alipokuwa ametuonyesha mara ya kwanza. Akasema taratibu, “Shemeji, ile siyo nyumba yangu, lakini aliye juu ya tangi ni mjukuu wangu.”

Nimeiandika sentensi hiyo jinsi alivyoitamka kwa sababu ndani yake ndimo kisa kilimo. Ujuzi aliokuwa nao Mama Chini ulikuwa ni ujuzi wa njia. Ulijengwa na mfuatano wa mambo anayokutana nayo akitembea: bomba, ngazi, duka la mkaa, kona ya jiwe lenye ufa, mlango wa bluu. Mfuatano huo hauna ramani ndani yake, nao hauhitaji kuwa na ramani, maana lengo lake ni kumfikisha mtu nyumbani. Unapomtoa mtu kwenye njia na kumweka mbele ya mteremko mzima kwa mara moja, unamtaka ageuze kila kitu kichwani, na kazi hiyo huchukua muda wa kweli unaoweza kupimwa. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Roger Shepard na Jacqueline Metzler, walionyesha kwamba watu wakipewa picha mbili za umbo na kuulizwa kama ni umbo lile lile, muda wanaotumia kujibu huongezeka sawia na kiasi ambacho umbo moja limezungushwa. Maumbo yao yalikuwa ya michemraba kumi iliyounganishwa. Ya shemeji yangu yalikuwa ni nyumba mia kadhaa, na alikuwa ndani ya boti inayoyumba.

Asubuhi ile hatukuona lolote la kutusaidia katika shauri. Kutoka ghubani Igogo ipo upande wa mashariki, na jua la asubuhi linakuwa nyuma yake, hivyo mlima wote ulikuwa kivuli kimoja chenye meno ya mabati. Nilimwomba mpwa aturudishe siku hiyo hiyo saa kumi alasiri, jua likiwa limehamia upande wa Sengerema na kuupiga mlima usoni. Mchana ule mvua fupi ilikuwa imenyesha. Tulipofika mahali petu pa asubuhi, mwamba mpana ulio juu kabisa ya nyumba ya Mzee Juu, ambao sote tulijua upo lakini hakuna aliyewahi kuujadili, ulionekana wazi ukiwa na mchirizi mweusi mpana ulioshuka tangu kwenye kilele chake hadi mguuni. Michirizi ya namna hiyo ipo kwenye mawe mengi ya Mwanza na watu huidhania kuwa ni moshi au uchafu. Ni vijimea vidogo sana vinavyoota mahali ambapo maji hupita mara kwa mara, kwa hiyo mwenye kuusoma mwamba anaweza kujua njia ya maji hata wakati wa kiangazi. Mguuni pa mchirizi huo palianzia ngazi za saruji za mtaa.

Kwa nini hakuna aliyeliona jambo hilo kwa miaka minne, ilhali watu hupanda ngazi hizo kila siku? Jibu langu ni la hesabu ya pembe, na ninaamini ndilo jibu lenye uzito zaidi hapa. Nilipima mteremko kwa kifaa tulichokuwa tukitengeneza darasani kwa protrakta, uzi na kijiwe, nikapata wastani wa nyuzi 20. Mtu mwenye macho yaliyo mita moja na nusu juu ya ardhi, akisimama kwenye mteremko na kutazama juu, mstari wa jicho lake unakwenda karibu sambamba na ardhi yenyewe. Kwa kitu kilicho mita 30 juu yake, pembe kati ya mstari huo na uso wa mteremko haifiki nyuzi 3. Ardhi yote iliyo katikati inafinywa na kuwa kama ukingo wa meza unaotazamwa kwa ubavu, na vitu vilivyoachana kwa mita nyingi vinaonekana vimebebana. Ndiyo maana Mama Chini aliona tundu, ukuta na baraza la Mzee Juu kama kitu kimoja kilicho juu ya kichwa chake, na nyuma ya hapo akaona mbingu. Anayetazama kutoka juu kwenda chini anapatwa na mfinyo ule ule kwa upande wa pili, hivyo Mzee Juu aliliona bati na kando yake dimbwi, na nafasi ya hatua kadhaa iliyo kati ya bati na dimbwi haikuwepo machoni pake. Lakini aliye majini, umbali wa mita 400 kutoka ufukweni, anautazama mteremko ule ule kwa pembe ya nyuzi 15 au zaidi. Unamfungukia kama kitabu kilichoegemezwa ukutani.

Kijana mmoja wa mtaa, aliposikia habari ya boti, alinicheka kwa adabu na kunionyesha picha ya setilaiti kwenye simu yake. Picha ilikuwa nzuri, na mabati yalihesabika. Tatizo ni kwamba jicho lililo juu kabisa haliuoni mwinuko: mwamba ulionekana kama doa la kijivu, ngazi kama uzi, na hakuna aliyeweza kusema katika picha ile kipi kipo juu ya kipi. Kwenda mbali au juu hakutoshi kwenyewe. Lazima mtu asimame mahali ambapo lile linalobishaniwa halijafinywa, na katika shauri la maji linalobishaniwa ni mteremko.

Pwani hii ina mfano wake wa zamani wa jambo hilo kwa kinyume chake. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kilima katika eneo hili la Mwanza, akalitazama ziwa, na akashawishika kwamba ndilo chanzo cha Nile. Mwenzake Richard Burton alimpinga, na mabishano yao yalidumu miaka. Kutoka kilimani Speke alikuwa ameona ncha ya kusini tu, maji na visiwa vikiwa vimefunikana. Ilikuwa mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua akianzia ufukwe wa Kageye, mashariki mwa Mwanza, ndipo ikathibitika kuwa ni ziwa moja. Speke alipatia, lakini mlima haukuwa umempa haki ya kuwa na uhakika kiasi kile. Wenyeji waliokuwa wakivuka ziwa kwa mitumbwi hawakuwa na haja ya kusubiri hadi 1875.

Nirudi kwa Mzee Juu. Nilipomweleza tulichokiona alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, umeona ukiwa na nani?” Swali lilikuwa la haki, maana nilikuwa na shemeji yangu na mpwa wa shemeji yangu katika boti ya mpwa wa shemeji yangu. Nilimwomba aje naye akakataa. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, alisema, mguu wake haujakanyaga chombo cha majini, na hapo sikumsukuma tena. Mwanza nzima kuna watu wa umri wake ambao hawaulizwi sababu. Badala yake tulikwenda kwa miguu hadi upande wa Capri Point, tukapanda jiwe linalotazama Igogo ng'ambo ya maji, tukakaa hapo tangu saa tisa hadi jua lilipoanza kushuka.

Kwa muda mrefu hakusema kitu. Kisha akasema kwamba michirizi ni miwili. Alikuwa sahihi. Mchirizi wa pili, ulio upande wa kushoto, ulikuwa umefichwa na mwembe tulipoutazama kutoka kwenye boti, na kutoka Capri Point ulionekana ukishuka moja kwa moja kwenye korongo. Kwa hiyo si maji yote ya mwamba yaliyokuwa yakija kwenye ngazi. Nilifurahi na nikaona aibu kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuamini kwamba boti ndiyo mahali pa kweli, na kumbe nayo ilikuwa na upofu wake.

Macho yakiwa yametuonyesha pa kutafuta, ilibidi tuthibitishe kwa miguu. Nilichukua gunia la maranda kwa fundi seremala, na mvua iliyofuata ilipoanza, mimi na majirani wote wawili, chini ya miavuli, tukayamwaga mguuni pa mchirizi wa kulia na kuyafuata. Yalishuka na maji kwenye ngazi hadi palipojengwa kituo cha kupumzikia wabeba mizigo. Sakafu ya kituo hicho imelala kuelekea ukuta wa Mzee Juu, kwa kosa la fundi la vidole viwili tu. Hapo maranda yaligeuka, yakapita chini ya geti lake, yakakata pembe ya ua wake, na kutokea kwenye lile tundu ambalo Mama Chini amekuwa akiliona kila mvua. Tundu lilikuwepo kweli. Mzee Juu alikuwa amelitoboa ili asizame yeye.

Ikumbukwe kwamba ngazi hizo zilijengwa kwa michango ya wakazi miaka minne iliyopita, na kwamba Mzee Juu alijenga ukuta wake mwaka huo huo. Mama Chini alikuwa ameunganisha kuanza kwa mafuriko na ukuta, kwa sababu ukuta ndio aliouona ukiinuka mbele yake. Ngazi hakuzishuku, alikuwa amezichangia mifuko miwili ya saruji, kama alivyochangia Mzee Juu, na anazipanda kila siku kwa shukrani, hasa goti linapomsumbua.

Nilifanya hesabu kwa ajili ya kikao cha mtaa, na kwa maoni yangu hesabu hiyo ilituliza watu kuliko maneno. Sehemu ya mwamba inayomwaga maji niliipima kwa hatua, nikapata kama mita 30 kwa 20, yaani mita za mraba 600. Mvua ya milimita 20, ambayo si ya ajabu katika masika yetu, ikianguka juu ya mwamba mtupu usiofyonza kitu, inaleta lita 12,000, au ndoo 600 za lita 20. Tukichukulia kwamba michirizi miwili inagawana nusu kwa nusu, ngazi zinapokea ndoo 300. Bati la Mama Chini, lenye mita za mraba 80, linatoa ndoo 80. Ua wa Mzee Juu, wenye mita za mraba 60, unatoa ndoo 60. Majirani walikuwa wamegombana miaka minne juu ya hizo 60 na 80, na ilikuwa ni haki pia kumwambia shemeji yangu mbele ya watu kwamba zile 80 ni zake na gata zinahitajika. Hakupenda. Ameshaweka upande mmoja.

Kikao kiliafikiana kwamba kituo cha kwenye ngazi kiinuliwe upande wa ukuta, na kwamba mfereji wa mawe ukatwe kabla ya hapo ili kuyapeleka maji ya mchirizi wa kulia kwenye korongo, yakaungane na ya kushoto. Mawe yapo, na nguvu kazi ilipangwa kwa siku mbili za Jumamosi. Hapo ndipo aliposimama baba mmoja mwenye nyumba kandokando ya korongo, chini kabisa karibu na barabara, ambaye hakuwa ametamka neno tangu kikao kuanza. Alisema kwamba yeye haoni mwamba wala mchirizi wala ngazi. Kutoka kwake anaona korongo tu, na masika iliyopita maji yalifika kwenye kizingiti chake. Mwenyekiti alianza kumweleza habari ya ndoo 300. Akamkatiza kwa upole akasema kwamba kabla jembe halijagusa ardhi anataka kupelekwa majini na kupaona kwake.

Kazi imesimamishwa. Mpwa anasema kwa sasa giza ni zuri na dagaa wanapatikana, kwa hiyo boti itakuwa huru mwezi utakapopevuka tena.